Kiti cha Kushoto

Jumamosi moja ya mwaka 1947, asubuhi ya jua la kawaida, Ngowa wa Tsuma alitoka chumbani kwake Changamwe na fedha zimefungwa kwenye leso, akaenda kununua motokaa. Mamangu mkubwa alipanga naye ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyetusimulia. Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Hata ya mboga alikuwa akija kuiomba kwetu.

Motokaa ilikuwa ya afisa mmoja wa manowari aliyekuwa akirudi kwao, vita vimekwisha. Ilikuwa ndogo, ya kijani, imelala chini kama kobe, magurudumu ya njiti mithili ya baiskeli. Viti viwili, basi. Juu turubai la kukunja: ukilikunja unakaa waziwazi, upepo unakupiga usoni. Mafundi wawili wa mjini walikwisha kuitazama wakacheka, maana mlango ulining'inia, na bodi ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia ndani. Ngowa hakucheka. Alikuwa seremala wa bodi za malori. Alilala chini yake, akachomachoma kwa msumari, akaelewa. Injini nzima, vyuma vizima. Kilichooza ni kiunzi cha mbao kilichofichwa ndani ya bati, mchwa walikuwa wamekifanya chakula. Wenzake waliona maiti, yeye aliona kazi ya wiki tatu. Akaipata kwa bei ya baiskeli mbili, ikavutwa na lori mpaka karakana.

Na seremala wa chumba cha kupanga ataka motokaa ya nini? Hapo ndipo penye kidonda.

Mwaka uliotangulia, Ngowa alikwenda na mjomba wake Garama kumposa Nyevu, binti ya Mzee Kaviha wa Mtopanga. Nyevu mwenyewe alikwisha kumkubali. Lakini Kaviha alikuwa mzee wa kanisa, mwenye minazi na duka, na shingo yake haikugeuka kwa kila mtu. Aliwaacha wageni wakae juani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha akatoka, akaitazama miguu ya Ngowa iliyojaa vumbi, akasema mbele ya majirani, "Binti yangu hachukuliwi kwa miguu. Nendeni mkapose kuku." Mjomba Garama, mtu mzima mwenye mvi, alilia njia nzima hadi Kongowea. Ngowa hakulia. Tangu siku ile alilitafuna tusi lile pamoja na kila tonge.

Sasa gari lilitaka mbao, na mbao ngumu wakati ule zilipatikana kwa vibali. Lakini Ngowa alijua ulipo ubao usioliwa na mchwa. Ulikuwa nyuma ya Mtopanga, ganjoni, kwenye mahame ya kina Kaviha. Huko alisimama Mzee Ruwa, baba yake Kaviha.

Alisimama kwa kigango chake. Kwa Wagiriama, mzee mkubwa akifa huwajia wanawe ndotoni, nao humchongea gogo la mhuhu lenye kichwa, kiwiliwili na nakshi za pembetatu, wakalichimbia ardhini, wakalifunga vitambaa na kulimwagia tembo la mnazi. Koma lake, yaani roho yake, hukaa mle. Watu wakihama, kigango hubaki. Hakihamishwi hata mji ukiota msitu. Kaviha alikuwa amehamia karibu na barabara, akapata cheo kanisani, na kwa miaka tisa hakumpelekea babake hata tone.

Ngowa alikwenda mchana kweupe, huku akiimba wimbo wa kanisani, akaking'oa. Alijua fika ni cha nani. Ndiyo maana hakutafuta mbao pengine.

Karakanani alikikata vipande vitatu. Harufu tamu ya mhuhu ikajaa mpaka nje. Kifua kikawa ubao wa kukalia wa kiti cha kushoto, cha abiria. Sehemu ya chini, miguu yake, ikawa miimo ya milango. Kichwa alikizungusha kwa tupa na msasa mpaka kikawa kirungu cha kushikia gia, kinang'aa, kinajaa kiganjani. Azma yake ilikuwa moja. Atamkalisha Nyevu juu ya kifua cha babu yake, halafu amwambie Kaviha. Sentensi hiyo moja tu, aione ikiingia.

Gari likawaka. Na lilikwenda jamani! Lilikata kona kama limefungwa kamba. Siku ya kulijaribu, kiti cha kushoto alikaa Mutua, Mkamba wa Machakos, fundi wa injini asiyeogopa kitu. Wakakunja turubai, wakashuka kuelekea Kipevu, watoto wakishangilia. Katikati ya njia Mutua akaacha kucheka.

"Simamisha," alinong'ona.

"Kuna nini?"

"Chini yangu kunapumua."

Alitoka kwa mikono. Miguu ilikuwa imekataa. Ngowa alimbeba mgongoni mpaka kwake, na kila miguu ile ilipogongana ilitoa mlio wa ubao. Daktari aliipigapiga kwa nyundo yake ndogo, asione ugonjwa. Wiki nzima Mutua alilala kitandani, magoti yamenyooka, hayakunji.

Ngowa alijiambia ni baridi yabisi. Wiki iliyofuata akavuka daraja la Nyali, lile lililokuwa likielea, kwenda kuipima njia ya Mtopanga. Alikuwa peke yake. Mlinzi wa daraja, Mwinyihaji, mzee wa miaka sitini na zaidi, alikuja kufungua kizuizi. Hakumtazama Ngowa. Alivua kofia, akainama upande wa kushoto.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Kisha akasogea kwa dereva, sauti chini. "Mwanangu, huyo mzee wako ni mgonjwa? Wallahi, hapepesi macho."

Ngowa hakugeuza shingo. Aliingiza gia. Kirungu kilikuwa na joto, joto la utosi wa mtu.

Jioni ile ile aliranda ubao mpya wa mvule, saizi ya kiti cha kushoto. Parafujo nne tu, kazi ya nusu saa. Aliuegemeza ukutani. Akauangalia. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili Kaviha angesimama mlango wa kanisa akipeana mikono na watu wote wa Mtopanga. Jumatatu, alisema. Jumatatu nitaubadilisha. Ubao ukabaki ukutani.

Saa sita mchana alifika kanisani, turubai limekunjwa, gari linameta. Watu walikuwa wanatoka. Alipiga honi, na Nyevu, aliyekuwa na gauni jeupe na Biblia mkononi, akamwona. Binti wa watu aling'aa uso mzima. Alikuja mbio mbele ya babake, mbele ya kanisa zima. Ngowa alimfungulia mlango wa kushoto.

Mdomo alikuwa nao. Angeweza kusema, usikae, au ngoja, au kesho. Alimfikiria Mutua kitandani. Kisha akamwona Kaviha anakuja na fimbo yake, na utamu ukampanda kooni. Akaushikilia mlango. Nyevu akakaa.

"Teremka!" Kaviha alifoka.

Ngowa alimwendea, akamwinamia sikioni kwa adabu, kama mkwe. "Shikamoo, baba. Leo sikuja kwa miguu. Na mwanao amekalia kifua cha babu yake. Nenda ganjoni ukatazame shimo."

Aliiona ikiingia. Uso wa Kaviha uligeuka majivu, fimbo ikamtoka. Ngowa alikuwa ameisubiri sura ile mwaka mzima, na ilikuwa tamu kuliko alivyodhani. Akaingia garini, akaondoka kwa vumbi.

Nyevu alicheka. Upepo ulimvua kilemba, akacheka zaidi. Walipita minazi ya mwisho. Kicheko kikakatika.

"Ngowa," alinong'ona. "Sisikii miguu yangu."

Aliendelea kukanyaga mafuta.

"Ngowa."

Akakanyaga breki. Gari lilisimama. Alimshika paja amtikise, na kidole chake kikagonga. Ko. Alimtia mikono kwapani amnyanyue. Hakunyanyuka. Nyevu alikuwa akilia bila sauti, macho mbele.

"Nirudishe," sauti ilisema.

Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, haina haraka. Ilitoka kwa Nyevu. Midomo yake haikutikisika.

Ngowa aliendesha mpaka ganjoni. Sijui aliipataje njia, matawi yalimchapa usoni. Jua lilikuwa utosini. Hakuna ndege aliyelia. Shimo lilikuwa pale pale alipoliacha. Injini aliiacha inanguruma, akaingia chini ya gari na bisibisi. Parafujo nne. Ya tatu ikakwama, akaing'oa na kucha. Ubao ukatoka. Alipoinuka kutazama, Nyevu alikuwa vilevile. Amekaa, na hakuna alichokalia.

Akavunja miimo ya milango kwa nyundo. Akafungua kirungu. Vipande vyote akavibeba, akavipanga shimoni, miguu, kifua, kichwa, akavifunga kwa shati lake. Vikaanguka. Akavipanga tena. Vikaanguka.

"Umenikata," sauti ilisema. "Nitasimama na nini?"

"Mwachie. Huyu ni mjukuu wako."

"Najua ni nani. Na wewe ulijua."

 Ugumu ulikuwa umefika kiunoni. Mikono ya Nyevu ilikauka juu ya Biblia. Shingoni mwake, juu ya kola nyeupe, palianza kutokea alama ndogo za pembetatu, moja kando ya nyingine, safi, za patasi yenye makali. Hazikutoa damu. Jicho moja likamgeukia Ngowa. Hilo lilikuwa bado lake, na lilimwomba.

Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Injini ilikuwa inanguruma. Njia ilikuwa wazi. Aliitazama, mamangu mkubwa alisema. Nyevu mwenyewe alimwona akiitazama.

"Na Kaviha?" Ngowa aliuliza. "Miaka tisa hujaonja tembo."

"Zamu yake ipo."

Ngowa akacheka. Alivua viatu, akavipanga pamoja ukingoni, akatia mguu mmoja shimoni, kisha wa pili.

"Nyevu," alisema polepole. "Mwambie babako, naja."

Injini ikazimika. Nyevu alianguka sakafuni mwa gari, vidole vya miguu vinawaka moto wa kuamka. Alipoinua kichwa aliona viatu. Nyuma ya viatu palisimama kigango kirefu, kimo cha mtu, cha mhuhu mzima usio na alama ya msumeno. Kilielekea Mtopanga. Mchana ule ule, kule Changamwe, Mutua alikunja magoti akaomba ugali.

Kaviha alikuja na vijana na shoka. Mpini ulivunjika kwa pigo la kwanza, na vijana hawakutaka kushika shoka lingine. Kaviha akawatangazia watu kwamba yule mpuuzi ametorokea Tanga, akaenda nyumbani akala akashiba. Nyevu alimpa salamu za Ngowa kama alivyoagizwa. Alipigwa kofi.

Jumanne, mkata kuni alikuta shimo la zamani limefukiwa, udongo umeshindiliwa vizuri. Kigango kilikuwa hatua moja mbele. Jumatano, hatua nyingine. Hakuna aliyekiona kikienda. Kaviha alituma kibuyu cha tembo, kikubwa, kwa miaka yote tisa. Asubuhi kibuyu kilikuwa mlangoni kwake, kimejaa hadi shingoni. Baada ya miezi minne kigango kilikuwa kimevuka shamba la muhogo. Kaviha akauza duka, akahamia Kongowea na bintiye, nyumba ya mawe, chumba chake mlango wa komeo mbili. Siku ya pili baada ya kuhama, watu wa Mtopanga waliamka wakakuta uso wa kigango umegeuka.

Mpaka leo ukipita huko, wazee watakuonyesha. Viduara vya ardhi ngumu, kimoja kila hatua, vimekata mashamba ya watu kutoka ganjoni hadi Kongowea, na hakuna jani linaloota juu yake. Wanaolima hupalilia kuzunguka.

Nyevu alikuwa wa kwanza kuingia chumbani kwa babake asubuhi ile, miaka mingi baadaye, kigango kilipokwisha kufika. Komeo zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa ndani, ikabidi seremala auvunje mlango. Shuka lilikuwa limetandikwa. Kaviha hakuwemo, na hakuonekana tena, wala kigango hakikuonekana tena. Kando ya kitanda saruji ilikuwa na viduara viwili vya udongo mbichi, vimekaribiana, vimeshindiliwa kwa nyayo. Majirani walipiga yowe.  Nyevu akachukua fagio, akafagia chumba chote vizuri, akavizunguka.