Bangili ya Mama

Hebu mwone rafiki yangu Kavugho akisonga bukari, ugali wa kwao, gizani, umeme umekatika mtaani Makomeno, mwiko ukigonga sufuria. Tangu vita vifunge njia ya Goma alihangaikia biashara, akaacha kumnyoosha mama yake mkono uliopooza. Kwa aibu, bangili ya hospitali inayopima mazoezi ya mama aliivaa yeye usiku huo, kwenye mkono ulioshika mwiko.

Kesho yake daktari alitazama kompyuta, iliyojifunza kusoma miendo ya bangili kutoka kwa mikono ya wagonjwa wengi.

“Mama anaendelea bien, muzuri. Lakini masini inasema mukono haikutembea yenyewe. Kuko muntu aliishika, akaipeleka. Ni weye?”

Kavugho akainamisha uso. “Ni mimi, docteur.”

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: jikoni mle alikuwa peke yake, hakuna aliyemshika mkono.