Nyumba ya Aliyebana Tumbo

Fundi cherehani mmoja alikuwa amepima watu kwa miaka ishirini na miwili. Alijua jambo ambalo mafundi wote wa nguo wanalijua. Mteja akiona tepu inazunguka kiuno, hubana tumbo. Hulibana mpaka macho yanamtoka. Fundi hagombani naye. Hujifanya anatafuta chaki. Mteja akiishiwa pumzi, tumbo hurudi kwake, na hapo kipimo cha kweli huandikwa.

Siku ilipofika zamu yake ya kupimwa, fundi alilisahau jambo hilo lote.

Yeye, mkewe, watoto wanne na mama yake waliishi katika vyumba viwili vya kupanga. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliopita. Sasa alitembea kwa fimbo. Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua. Mvua ikinyesha, ua uliteleza, na Bibi alilazimika kushikwa mkono kwenda na kurudi. Hilo lilimuuma kuliko nyonga. Kiwanja walikuwa nacho, kwa hiyo waliamua kujenga.

"Mimi sitaki makuu," Bibi alisema. "Nataka nikibanwa, niende bila kuitisha mkutano."

Fundi akaenda kwa msanifu majengo, yaani mtaalamu wa kuchora nyumba. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la rangi. Cheti chake cha usajili kilitundikwa ukutani. Fundi alikisoma chote mpaka muhuri, kama mkewe alivyomwagiza. Hapo alifanya vizuri. Baada ya hapo hakufanya vizuri tena.

"Nyumbani kwenu nani huamka wa kwanza?" msanifu aliuliza.

Fundi akageuka kuona kama swali ni la mtu mwingine. Nyuma yake kulikuwa na kabati tu.

"Samahani, dada, mimi nimekuja kuchorewa nyumba."

"Ndiyo. Nani huamka wa kwanza?"

"Sote. Kwa pamoja."

"Nguo chafu mnafulia wapi?"

Fundi akachanganyikiwa. Nguo chafu zinaingiaje kwenye ramani? Au huyu mama ametumwa kuwachunguza? "Sisi hatuchafui sana nguo," alijibu.

Msanifu akaandika. Kuona maneno yake yanaandikwa, fundi akakaa vizuri kwenye kiti.

"Wageni mnapata?"

"Kila wiki. Watu wazito." Mgeni wao wa mwisho alikuwa jirani aliyekuja kuazima pasi.

"Mkipumzika, mnapenda kufanya nini?"

"Kusoma. Vitabu vinene." Nyumbani kulikuwa na kitabu kimoja, na kazi yake ilikuwa kuinua mguu mfupi wa meza.

"Kuna mtu anayepata shida kutembea?"

Fundi akamkumbuka mama yake. Akaona aibu kumwanika mbele ya mtu baki. "Hakuna," alisema. "Ukoo wetu una miguu mizuri sana."

"Ningependa kuzungumza na wenzako nyumbani pia."

"Hakuna haja. Mimi nawasemea wote."

Baada ya wiki tatu ramani ikaja. Wakaitandaza mezani. Mke akaigeuza upande huu, Bibi akaigeuza upande ule.

"Baba watoto, hizi robo sahani ni za nini?" mke aliuliza.

Zilikuwa alama za milango, kuonyesha inavyofunguka. Fundi hakujua. "Mapambo," alisema.

"Si umuulize aliyechora?"

"Mtu mzima haulizi mistari."

Bahati nzuri, msanifu alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuomba kibali cha ujenzi, alitaka familia iitembee nyumba. Akawaita kiwanjani. Kila ukuta alikuwa ameuchora chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi.

Mke akaingia kwenye kijisehemu cha pembeni. "Hapa ni wapi?"

"Jikoni," msanifu alisema.

Mke akainama kama anayekoroga chungu. "Mbona nusu yangu imebaki nje? Na pale pakubwa?"

"Maktaba."

"Ya nani?"

Fundi akaanza kukagua viatu vyake, cha kushoto kwanza, kisha cha kulia.

"Na mimi nalala wapi?" Bibi aliuliza.

Msanifu akatazama karatasi. Akatazama fimbo. Akarudi kwenye karatasi, kama mtu aliyepanda gari lisilo lake.

"Mama, mimi humu sina bibi. Nina chumba cha mgeni, kule mwisho. Choo kiko upande huu, ukipanda ngazi tatu."

"Nipelekeni huko kwa mgeni."

Bibi alianza safari. Hakukanyaga ukuta hata mmoja. Kila mlango aliupita kwa heshima. Katikati ya maktaba mguu ukaanza kutetemeka. Akasimama.

"Nimefika wapi?"

"Maktaba, mama," fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi mwanangu, hapa ndipo nitakapojikojolea. Katikati ya vitabu vyako."

Fundi akaja kumshika mkono, mkono uleule wa kila mvua. Akaelewa.

"Dada," alimwambia msanifu, "nilibana tumbo."

"Unaumwa?"

Akamweleza kuhusu wateja wake. Msanifu akakaa juu ya tofali na kufungua daftari ukurasa mpya.

"Mimi nawachorea watu ninaoambiwa," alisema. "Nikiambiwa wengine, nyumba ni ya wengine. Na alama usiyoielewa, niulize, ni haki yako. Leo nafuta ukuta kwa mguu. Tukishajenga, tutaufuta kwa nyundo. Haya. Nani huamka wa kwanza?"

"Mimi," mke alisema. "Yeye huamka akisikia sufuria."

Walijibu wote, jioni nzima. Maktaba ikafa. Jiko likapanuka, na pakapatikana mahali pa kufulia. Chumba cha Bibi kikawekwa ubavuni mwa choo: hatua sita, hakuna ngazi, mlango mpana, na chuma cha kushikia ukutani. Waliitembea tena kwenye chokaa. Kibali kilipotoka, ndipo msingi ukachimbwa.

Siku moja, katika nyumba hiyo mpya, mvua kubwa ilikuwa ikinyesha. Fundi alikuwa barazani akimpima mteja, na mteja amebana tumbo.

"Pumua, bwana," fundi alimwambia. "Mimi mwenzio nilikaribia kujengewa maktaba."

Mteja hakuelewa, lakini akapumua. Ndani, fimbo ikagonga sakafu mara sita. Komeo likafungwa. Baada ya muda likafunguliwa, na fimbo ikarudi ilikotoka.

Mkutano haukuitishwa.