Nililazwa Nipasuliwe Mgongo kwa Sababu ya Gari Ambayo Haikunigonga

"Mama, hiyo gari iliyokugonga, kifua pia kiliumia, ama ni mgongo tu?"

Nilimwangalia huyo daktari. Nikageuza shingo kuangalia nyuma yangu, labda kuna mgonjwa mwingine anaulizwa.

Hakukuwa na mtu. Ni mimi tu kitandani, nimevaa ile nguo ya hospitali inayoacha mgongo wazi, sindano ya maji iko kwa mkono, nangoja kusukumwa nikakatwe.

"Gari gani?"

"Ile ya Ngong Road."

"Daktari, mimi sijawahi kugongwa na gari. Hata baiskeli."

Akaweka kalamu yake mfukoni, pole pole...

Wenzangu mnaosoma, kaeni vizuri niwaambie hii maneno yote, maana nikiimeza tena itanioza tumboni.

Mimi naitwa Wahu. Ni shosho, nyanya wa watu. Naishi Jamhuri, kwa nyumba niliyoachiwa na marehemu mzee wangu. Nilikuwa naishi na Norman, kifungua mimba wangu. Debra, kitinda mimba, ameolewa Uthiru na ana mapacha.

Maumivu yalinianza kidogo kidogo. Nikiamka, mguu wa kulia unakataa. Nikivaa soksi, machozi yanatoka yenyewe. Kuingia kwa gari, lazima niuinue huo mguu na mikono miwili, kama nabeba mtoto wa mtu. Usiku nikigeuka inanishika, nauma shuka ili watu wa nyumba wasiamke.

Ukiniuliza inauma wapi, nasema huku. Mguu. Kiuno. Huku tu.

Debra ndiye alinipeleka hospitali kwanza. Daktari hajamaliza kunisalimia, Debra ameshaanza kumweleza habari zangu. Kwa Kiingereza, mbio mbio. Nilishika neno hapa na neno pale, lakini maana niliipata. Alimwambia mimi hukaa mbele ya televisheni kutwa nzima.

Mimi! Mimi ambaye mapacha wa Debra wamelelewa kwa huu mgongo, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Sikusema kitu. Utamwaibisha mtoto wako mbele ya daktari kweli?

Daktari akaamua ni uzee na kukaa sana. Nitembee, nifanye mazoezi.

"Umeskia, Mum?" Debra akaniambia tukitoka. "Kimbizana na hao watoto. Hiyo ndiyo dawa yako."

Nikakimbizana nao. Nusura nife.

Norman akanipeleka kliniki fulani River Road, juu huko ghorofani, hakuna lifti. Nilipanda ngazi nikishika ukuta. Mtu wa huko akasema ni neva, akanipa tembe. Zilinilaza. Nililala sebuleni, nikalala kanisani, nikalala nikichambua sukuma wiki. Uchungu wenyewe haukulala.

Ndipo Norman akanipeleka Parklands, kwa daktari wa mifupa, mzee mmoja wa Kihindi anaitwa Daktari Aliasgar. Hata huko aliyeongea ni Norman, na ni Kiingereza kitupu. Mimi nilikaa hapo kama gunia lililoletwa kupimwa. Nikaingizwa kwa ile mashine inayopiga kelele kama watu wanagonga mabati. Jibu likaja: pingili za mgongo zimebanana, nipasuliwe.

Nyumbani kukawa vita.

"Mathe anapasuliwa," Norman akasema.

"Apasuliwe nini?" Debra akamjibu. "Ni uzee. Daktari wangu alisema."

"Daktari wako ni wa homa na kikohozi."

"Na wako kazi yake ni kukata. Atakwambia nini kingine?"

"Anaumwa mgongo, Debra."

"Mum, si ulisema ni mguu?"

Nikifungua mdomo nijibu, wameshaendelea. Walinigombania kama makanika wawili kwa mtambo mbovu, na mtambo hauulizwi kitu.

Mmoja anasema tembea. Mwingine anasema meza ulale. Mwingine anasema kisu. Ukishaumwa kila siku, kila siku, unafika pahali unamwamini yeyote yule aliyeongea mwisho.

Basi Jumapili moja Debra akaja na papai na avokado. Akakaa karibu na mimi, akanishika mkono.

"Mum, nimefikiria. Norman anasema ukweli. Upasuliwe tu."

Nililia kwa furaha. Nikaenda chumbani nikashukuru Mungu, wanangu wamesikizana.

Wiki hiyo hiyo Norman akaleta mtu.

"Mathe, huyu ni Lenox. Ni mtu wa bima ya hospitali."

Kijana wa suruali ya kubana na viatu vya ncha. Anatafuna njugu akiongea, maganda anayapuliza kwa zulia langu. Hata chai sikumpa kwa roho safi.

"Shosho, tembea hapo nikuchukue video."

Nikatembea.

"Tembea kama mtu anaumwa."

"Naumwa."

"Eeh, lakini haionekani. Shika mgongo. Sio hapo, juu kidogo. Sasa kunja uso."

Norman akacheka. "Mathe si mwigizaji, bana."

"Atazoea," Lenox akasema, njugu imekwama kwa meno. "Shosho, wewe ukishapasuliwa, mambo yote itakuwa sawa."

Kuna pahali walinionyesha kwa karatasi, nikatia sahihi. Ati ni ya hospitali. Nikatia.

Sasa turudi pale kitandani.

Yule daktari aliyeniuliza habari ya gari anaitwa Reshma. Kazi yake ni kulaza watu usingizi kabla hawajakatwa, kwa hivyo lazima aulize kila kitu. Alivuta kiti akakaa.

"Mama, mtoto yako alisema uligongwa, ukaanguka na mgongo. Ndiyo maana unapasuliwa."

"Alisema hivyo?"

"Kwa daktari mkubwa, na kwangu pia, leo asubuhi."

Nilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Haya," akasema. "Sahau mtoto. Nionyeshe na kidole yako. Uchungu iko wapi?"

Mkono ukaenda. Haujafika, mlango ukafunguka. Norman, simu iko kwa sikio.

"Kuna shida, daktari?"

"Namuuliza mama panauma wapi."

"Mgongo," Norman akajibu.

"Nimemuuliza mama."

Mimi nilikuwa nimesharudisha mkono juu ya shuka. Huyo mwanamke aliona. Mimi najua aliona, kwa sababu alisimama.

"Wewe, ngoja nje."

"Daktari, mimi ndiye huongea kwa niaba yake."

"Mama ana mdomo. Ngoja nje."

Mlango ukafungwa.

Wanawake wa rika langu wataelewa hapa. Huo uchungu wangu ulikuwa ndani kabisa, pale paja linapoanzia, kwa kinena. Karibu na pahali ambapo kwetu mama hataji mbele ya mtoto wake wa kiume, hata akiwa anakufa. Ndiyo maana siku zote nilisema mguu. Ndiyo maana nilisema kiuno. Na kila hospitali nimeenda, mtoto wangu mmoja amekaa hapo kwa kiti, ananijibia.

Niliweka kidole hapo. Uso nikaugeuzia ukuta.

"Na inashuka mpaka kwa goti?"

"Inashuka."

"Soksi unaweza kuvaa?"

"Hapana."

Akatoka haraka. Akarudi na Daktari Aliasgar, tayari amevaa zile nguo za kijani za kupasulia. Mzee akashika mguu wangu wa kulia, akaukunja, akauzungusha ndani kidogo tu.

Neno lililonitoka, mchungaji wangu asilisikie.

Wakaangaliana hao wawili.

"Ni nyonga," mzee akasema. "Lakini mimi niliagiza nyonga ipigwe picha. Mtoto wako aliniambia imepigwa kwingine, iko sawa."

"Haijawahi kupigwa picha yoyote."

"Mama, mgongo wako umechakaa kweli, kama wa kila mtu wa umri wako. Lakini si huo unaokuliza usiku. Ningekukata, na ungeamka na uchungu ule ule."

Nilimtazama.

"Na wewe, daktari? Nimekaa mbele yako siku ngapi? Mbona hukuniuliza mimi?"

Akavua kofia yake ya kijani, akaikunja mkononi.

Hapo ndipo nikaelewa. Hao madaktari hawakuwa wanabishana. Yule wa kwanza alitibu mama mvivu wa kukaa kwa televisheni. Huyu naye alikuwa anatibu mama aliyegongwa na gari. Mimi Wahu hakuna aliyekuwa ananitibu.

Nikasema waniitie Norman, na watuache.

Aliingia akitabasamu lile tabasamu la kunibembeleza.

"Norman, ni gari gani?"

"Mathe, hiyo tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa."

Akakaa pembeni mwa kitanda. Akaanza kuchezea shuka langu na vidole.

"Ni Lenox. Alisema kesi ya mgongo ikiwa na upasuaji, bima ya gari haiwezi kukataa kulipa fidia. Bila upasuaji ni nyepesi."

"Na picha ya nyonga?"

"Nyonga ingeonyesha ni uzee. Ingeharibu kesi."

"Kwa hivyo ulijua huenda ni nyonga."

"Sikujua, mathe. Mimi si daktari."

"Hukutaka kujua."

Akalikunja shuka, akalikunjua.

Niliangalia ile mikono inayochezea shuka. Mikono niliyoifundisha kushika kijiko. Nikasikia kinyaa, kile cha kuona funza kwa nyama uliyokuwa karibu uipike. Nikavuta mguu wangu, na uchungu wake wote, ili nisimguse.

"Na huyo mnayesema alinigonga ni nani? Mmeenda kumsingizia mtoto wa mtu?"

"Hakuna mtu amesingiziwa. Dereva mwenyewe amekubali."

"Dereva gani mjinga anakubali kitu hajafanya?"

Akaangalia sakafu.

"Norman."

Akaitoa simu, akairudisha mfukoni.

"Norman, nimekuuliza."

"Debra. Tumesema ni gari ya Debra."

Nilitapika. Sisemi kwa mfano, nilitapika kweli. Na kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisile, yalitoka maji machungu matupu.

Binti yangu wa mwisho ndiye alikuwa amenigonga! Na mimi nililia kwa furaha, nikampigia Mungu magoti. Wamesikizana, ndiyo. Walisikizana juu ya mgongo wangu, mmoja anagonga, mwingine analeta kisu.

Norman alichukua karatasi akanipangusa mdomo. Nikadhani sasa atalia. Nikadhani sasa ataniomba msamaha.

Akainama karibu na sikio langu.

"Mathe, sikiza. Bado haijaharibika. Si tuseme tu hiyo gari ilikugonga nyonga?"

Wenzangu, sikumpiga. Sikupiga kelele. Nilibonyeza ile kengele ya kitandani, nesi akaja, nikamwambia anitoe hiyo sindano. Nikaomba nguo zangu. Kuingiza mguu kwa sketi kulinichukua muda mrefu, Norman amesimama hapo ananyoosha mkono anisaidie.

"Usiniguse."

Siku chache baadaye mwanamke wa kampuni ya bima akaja nyumbani kuniuliza habari ya ajali. Mtu wa heshima zake, hata viatu alivua mlangoni. Nikamwambia hakuna ajali. Hakuna gari iliyonigonga, wala ya Debra wala ya nani.

"Shosho, unaelewa hii inaweza kuwafikisha wanao pahali pabaya?"

"Naelewa. Na wao walielewa kisu."

Lenox simu yake haishiki tena. Norman nilimwambia atafute pa kulala. Debra ananitumia ujumbe ati namharibia jina, na mapacha hawaleti tena. Hilo linaniuma, siwezi kuwadanganya, linaniuma kuliko hii nyonga.

Picha ya nyonga imepigwa. Nyonga imelika, mifupa inasagana yenyewe kwa yenyewe. Nimepangwa kwa foleni ya hospitali ya serikali, na daktari wa huko nilimwona peke yangu.

"Shosho, mtu wako ako wapi?" akaniuliza.

"Ni mimi."

Akacheka. Lakini aliniuliza mimi, na mimi nikajibu, na nilitaja hapo pahali kwa jina lake.

Nyinyi mnaopeleka mama zenu hospitali, muwashike mkono kwa ngazi, muwatafutie kiti, halafu mtoke nje. Hata kama mnawapenda. Kuna kitu mama yako hawezi kusema ukiwa umekaa hapo, na wewe ukimjibia, daktari anatibu jibu lako.

Na nyinyi mama wenzangu, mkiambiwa na daktari huyu hivi na yule vile, kabla hamjawaita waongo, jiulizeni kila mmoja aliambiwa nini, na ni nani aliyemwambia. Kisha semeni wenyewe. Wekeni kidole hapo. Hiyo aibu inaisha daktari akienda kunawa mikono. Mimi kidogo nikatwe mgongo kwa kuogopa neno moja mbele ya mwanaume niliyemzaa.

Norman amenipigia leo asubuhi. Anauliza kama siku ya nyonga ikifika naweza kukubali anisindikize.

Nimemwambia aje. Msiseme nimesamehe, sijasamehe, sauti yake bado inanichafua roho. Lakini nitahitaji mtu wa kubeba mkoba. Atanifikisha mpaka kwa mlango wa daktari, na huo mlango nitaufunga mwenyewe.