Nilimficha Mama Kifo cha Baba Rubani

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka hamsini na minane, ni mama wa watoto watatu na ninaishi Makole, hapa Dodoma mjini, katika nyumba ileile niliyokulia. Ninayoyaeleza leo hata mume wangu hayajui. Mkinilaani nitawaelewa, maana nimeshajilaani mwenyewe mara nyingi.

Baba yangu alikuwa rubani wa ndege za kivita. Alipokwenda kwenye vita vya Kagera nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hakurudi... Ikaja barua ya jeshi yenye mistari mitatu ikisema ndege yake haikurejea na yeye mwenyewe hajulikani alipo. Basi, ni hiyo tu. Hakukuwa na jeneza wala kaburi.

Babu mzaa baba, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu kijijini huko Chamwino, alikataa katakata kuweka matanga. Kwa ukoo wetu msiba hauwekwi kwa barua. Ni lazima uwepo mwili, au aje mtu aliyemwona marehemu akifa, akae mbele ya wazee na asimulie kwa kinywa chake. "Karatasi ina macho?" babu aliuliza.

Mnaelewa maana yake kwa mama? Bila matanga hapakuwa na mjane. Kwa miaka kumi na minne ya kwanza mama alikuwa mke wa mtu asiyekuwepo. Hakuweza kuolewa, na hata kumlilia mumewe waziwazi hakuruhusiwa, kwa kuwa angeonekana anamtabiria kifo!

Mama alikuwa fundi cherehani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mitumba ilipofurika mjini, wateja wa nguo za kushona walipotea, akabaki kupunguza suruali za mitumba. Hapo ndipo alipotokea Bwana Anania, mgane mmoja kutoka Tabora, nyapara wa genge la reli pale Ihumwa. Alileta suruali mbili zipunguzwe kiuno. Wiki iliyofuata akaleta nyingine mbili, na iliyofuata tena mbili. Nikawa najiuliza, huyu baba ana viuno vingapi?

Mama alianza kucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu anacheka.

Siku moja aliniketisha. Aliniambia Bwana Anania ni miongoni mwa wanaopunguzwa kazi, na mwisho wa mwezi wa nane atarudi kwao moja kwa moja. Alikuwa amemwambia mama kwamba wazee wa ukoo wakimfungua kwenye ndoa ya baba, watafunga ndoa na kuondoka wote.

"Babu yako anataka aliyeona," mama alisema. "Wewe Neema una taipu, unajua kuandika barua. Nitafutie mtu aliyemwona baba yako. Mwanangu, sina mwingine wa kumtuma."

Wakati huo nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Nilikubali, lakini moyoni nilikuwa na nia yangu. Nilitaka nimpate baba akiwa hai! Labda alitekwa, labda alipoteza kumbukumbu, labda yuko ng'ambo analima shamba la watu... Mtu akitaka jambo liwe, hakosi labda.

Nilipeleka ombi langu kwenye mojawapo ya magazeti ya watu binafsi, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kutoka. Majibu yakaja. Mtu mmoja aliyesoma na baba shule ya misheni alisema utotoni baba aliogopa kupanda hata darini, na wenzake walicheka sana waliposikia amepelekwa Uchina kujifunza kurusha ndege. Fundi mmoja wa ndege, aliyestaafu Mwanza, aliandika kuwa asubuhi ile ziliondoka ndege mbili, ikarudi moja. Alisema baba alikuwa na tabia ya kuipigapiga ndege ubavuni kabla ya kupanda, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Nilizisoma barua zile hadi zikachakaa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na baba.

Barua ya mwisho ilitoka Bahi. Aliyeiandika alisema kwa kifupi: njoo, mambo haya siyaweki kwenye karatasi. Mama alinifungia chakula, nikapanda treni.

Aliitwa Bwana Ndahani. Alikuwa mgambo wakati wa vita, na sasa alitembea kwa fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia kuwa nimechukua paji la uso la baba.

Aliniambia kule vitani waliiona ndege ikija ikitoa moshi, ikaangukia kwenye matope ya kinamasi. Yeye na mwenzake walimchomoa rubani akiwa bado anapumua. Rubani alikuwa akinong'ona Kigogo, na Ndahani akamjibu kwa Kigogo. Yule mtu akashtuka, akamshika mkono. Akamtajia jina lake, na kijiji cha baba yake. Halafu akasema, "Mwambie mama Neema asikae akinisubiri." Hakuchukua muda, akakata roho. Walimzika palepale kwa haraka. Kesho yake bomu lilimuua yule mwenzake pamoja na mkubwa wao, na Ndahani akavunjwa mguu. Alilazwa miezi mingi. Aliporudi kwao aliamini kabisa kwamba jeshi lilikwishaiambia familia.

"Niko tayari kuja kwa mzee," alisema. "Nitajie siku tu, binti yangu."

Nilimwambia nitamletea habari.

Nililia njia nzima hadi Dodoma. Mama alinisubiri mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Aliniuliza kama nimempata mtu. Nikafungua kinywa... nikasema hapana. Nikasema yule mzee alichanganya majina, alikuwa akimzungumzia rubani mwingine.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka thelathini. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Niliona mama hawezi kumtoa mtu aliyepaa angani akamweka nyapara anayenuka oili. Niliogopa pia kuachwa peke yangu. Na matanga yakiwekwa, baba angekuwa amekufa kweli. Nilijiambia nitasema baada ya wiki moja, nikishazoea.

Wiki ikapita. Bwana Anania akaahirisha safari kwa siku kumi na nne. Akanifuata mwenyewe ofisini, kofia mkononi, akaniuliza kwa upole kama kuna mahali sijafika, yeye angenisindikiza popote. Nilimwambia nimemaliza kote. Alinishukuru! Kesho yake ikaja barua ya Ndahani kwenye anwani ya ofisi, akiuliza siku ni lini. Niliichana vipande vidogo, nikiogopa asije akaamua kuja mwenyewe. Kila hodi ilipobishwa nyumbani nilikimbilia mlangoni mimi kwanza.

Siku Bwana Anania alipopanda treni ya Tabora, mama hakwenda stesheni. Alikaa kwenye cherehani akashona suruali ya mteja, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine. Sikuwahi kumwona akikosea kipimo.

Baada ya hapo mama alikonda. Alikuwa akijibu anapoulizwa, basi. Nilistahimili miezi saba, kisha nikarudi Bahi kumchukua shahidi. Nilikuta kaburi. Mkewe aliniambia marehemu alikuwa ametenga shati la kuvaa siku ya kwenda kwa babu, na walimzika nalo.

Nilimweleza mama yote nikiwa nimepiga magoti. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniomba nirudie maneno ya baba, nikayarudia. Akajifunika kanga usoni, akamlilia mumewe kimyakimya, mchana kutwa. Hakunipiga wala hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikamwambia twende kwa babu, nitakiri mbele ya ukoo wote. Tulikwenda. Wazee wakakaa, babu akamuuliza mama amekuja na neno gani. Nilijikaza kusimama, mama akaniwahi.

"Baba, mjukuu wako ametafuta kila mahali," alisema. "Hakupata mtu."

Njiani nilimuuliza kwa nini amefanya vile. Alisema aliyeona ameshakufa, kwa hiyo maneno yangu yasingemfungua, yangenifukuzisha tu kwenye ukoo. "Mume nimempoteza mara mbili. Nikupoteze na wewe?"

Babu alipofariki nilimwomba mama tena niseme. Akaniuliza, niseme ili aolewe na nani? Bwana Anania alikuwa ameshaoa Tabora.

Mama alifariki miaka minne iliyopita. Kwenye mazishi msemaji wa ukoo alisoma wasifu wake kwa sauti: marehemu ameacha mume na mtoto mmoja. Watu walitazamana, lakini utaratibu wa ukoo ni utaratibu. Mimi nilisimama pale na udongo mkononi, na ni mimi peke yangu niliyejua... Nikaumwaga udongo, nikarudi mstarini.

Ndugu zangu, yawezekana na wewe umepata habari ya mtu aliyepotea, na kuna mwenzako anaingoja. Nakusihi, usiiweke hata siku moja ukisubiri uizoee kwanza. Si yako. Nenda sasa hivi ukaseme, hata kama itakuliza wewe, hata kama itamwondoa mama yako nyumbani. Mimi nilibaki naye miaka ishirini na mingine, kama nilivyotaka, na kila asubuhi nilipomwamkia niliona nilichomnyang'anya.