Meno ya Chupani

Siku ya kwanza ulikuwa unywele mmoja tu.

Ulikuwa umelala ndani ya chupa bapa ya plastiki, katikati ya maji ya rangi ya waridi, umejikunja kama mtu anayesikia baridi. Mama Kibogoyo aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, akaishusha. Akajipapasa kichwa. Kofia yake ya maabara ilikuwa mahali pake, imebana hadi masikioni.

"Umeangusha unywele kwenye chupa yangu?" alimuuliza fundi wa maabara.

Fundi alivua kofia yake taratibu. Kichwa chake kiling'aa kama sahani.

"Dada, mimi nikipata unywele mmoja nitauangusha? Si nitauchana!"

Walicheka, na kwa kucheka huko wakausahau.

Mama Kibogoyo alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika hospitali ya chuo kikuu. Jina hilo alilipata kwa mwanawe wa miezi sita, ambaye baba yake alimwita Kibogoyo kwa sababu hakuwa na jino hata moja na hakuonekana kuwa na haraka ya kuota. Utafiti wake ulikuwa kukuza seli za uvimbe ndani ya chupa, kisha kuzijaribia dawa.

Uvimbe wenyewe ulitoka tumboni mwa mwanamke mmoja, mpishi wa shule. Wapasuaji walipoupasua walikuta mafuta mazito ya rangi ya usaha, fundo la nywele ndefu, na meno mawili yaliyoshikilia kipande cha ufizi. Hawakushangaa. Uvimbe wa namna hiyo umo vitabuni: seli zake hazijui zimekusudiwa kuwa nini, basi zinajaribu kila kitu. Lakini seli zikishatenganishwa na kuwekwa chupani huwa utando mwembamba tu, ambao bila hadubini huuoni. Haziwezi kuota nywele.

Kabla ya kupasuliwa, mpishi alimshika Mama Kibogoyo mkono.

"Mwanangu, hili si gonjwa. Huyu ni mume. Ananijia tangu nikiwa msichana, na hii ndiyo mimba yake. Mkishaitoa, chomeni yote. Msibakize hata kipande."

"Tutachoma, mama."

Wakachoma, isipokuwa kipande kidogo kama punje ya haragwe. Karatasi ya ruhusa ya utafiti mpishi alikwisha kuitia sahihi, kama wagonjwa wengi watiavyo, bila kuisoma. Alipona, akarudi kwao anatabasamu. Hakujua kwamba mimba yake ilikuwa imebaki, inatunzwa kwenye kabati lenye joto la mwili wa binadamu.

Pale maabara kila mtafiti aliziita seli zake "wanangu". Ulikuwa utani wa kazi: umewalisha wanao? Wanao wamelala vizuri? Chakula chao kilikuwa maji ya waridi yaliyochanganywa na majimaji ya damu ya ndama, na majimaji hayo yaliagizwa kutoka mbali. Mzigo ukachelewa. Seli za Mama Kibogoyo zikaanza kunywea na kubanduka.

"Zikifa hizo," Profesa alimwambia, "huna tasnifu. Utaanza upya, na ufadhili wako hauna mwaka wa kuanza upya."

Ndipo akafanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifikiria. Alimpa fundi mkono, akatolewa damu, akaiacha igande, akaizungusha mashineni mpaka yakabaki majimaji ya manjano, akayachuja na kuwalisha wanawe.

"Kumbe unawanyonyesha!" fundi akamtania.

"Mama gani atawaacha wanawe walale na njaa?"

Kesho yake chupa ilikuwa imejaa. Seli zilizokuwa zikifa zilikuwa zimebanana pomoni, zimenawiri. Mzigo wa ndama ulipofika hatimaye, zilikikataa chakula hicho. Maji, ambayo seli zikila hugeuka manjano, yalibaki vilevile, waridi, na zenyewe zikanywea tena. Akawapa damu yake. Wakala.

Baada ya unywele yakaja mafuta. Yalielea juu ya maji, manjano, yenye ngozi kama uji uliopoa, na alipoitikisa chupa ile ngozi ilikunjamana na kujinyoosha yenyewe. Kisha harufu. Kabati la joto lilitoa uvundo wa nyama iliyosahauliwa mfukoni, uliochanganyika na jasho la kwapa na maziwa yaliyochacha. Fundi alilisafisha kabati zima, akalipangusa kwa spiriti, akalifunga. Lilipofunguliwa tena uvundo ulitoka kwa nguvu zaidi, na safari hii ulikuwa wa joto, kama mtu anayekupumulia usoni.

"Dada," fundi alinong'ona, "weka sikio hapa mlangoni."

Aliweka. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, kavu, ya polepole. Krr. Krr. Krr.

"Ni feni," alisema.

"Hilo kabati halina feni."

Nyumbani, Kibogoyo alianza kulikataa ziwa. Alilishika, akanyonya kidogo, akageuza uso, akatapika. Yaliyotoka yalikuwa manjano, na yalinuka kama lile kabati. Mama Kibogoyo aliminya maziwa kwenye kikombe ayaone, na mbele ya macho yake juu ya maziwa ikatanda ngozi ya mafuta, ikakunjamana, ikajinyoosha. Mtoto alikonda mpaka kichwa kikawa kizito kwa shingo yake.

Mama mkwe, aliyekuwa akishinda na mtoto, alimsubiri mlangoni mchana mmoja.

"Mwanangu, usinione mwehu. Huyu mtoto anasaga meno akilala."

"Mama, meno gani? Hana hata moja."

"Ndiyo maana nakuambia."

Wakaingia chumbani. Kibogoyo alikuwa amelala chali, mdomo wazi, ufizi wake laini ukionekana wote. Hakuutikisa hata kidogo. Na bado ilisikika, kutoka ndani kabisa ya koo lake: krr, krr, krr.

Siku hiyohiyo mama mkwe alimleta mganga. Alikuwa mwanamke mnene, mshonaji nguo, tena alikuja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu alikuwa ametolewa kwenye cherehani. Hakumtazama mtoto. Alimnusa Mama Kibogoyo, mikononi, kifuani, akarudi nyuma amejiziba pua kwa khanga.

"Unamlisha nani mwingine?"

"Simlishi mtu."

"Dada, sikuuliza kama ni mtu."

Mama Kibogoyo akamweleza yote, kwa sauti ya chini, huku amekitazama kidole cha mguu wake. Mganga alisikiliza hadi mwisho.

"Jini akitolewa nyumba moja hutafuta mlango wa pili. Wewe hukumwachia mlango tu, ulimtandikia na kitanda. Ungempa damu ya mnyama angebaki mgeni. Umempa yako, kwa hiari, na unanyonyesha. Sasa huyo na mwanao ni ndugu wa ziwa moja. Anakula fungu lake, kisha anakula la mwenzake."

"Nifanye nini?"

"Mtoe. Popote alipo, asibaki hata tone. Likibaki tone, basi huyo si wa kufukuzwa tena. Ni mtoto wa nyumba."

Mama mkwe alimtazama mkwewe. "Na masomo yako?"

Mama Kibogoyo alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Alimkuta fundi amefunga madirisha yote na kujifunga taulo puani, na wakalifungua kabati pamoja, na chupa zilikuwa zimevimba, plastiki imetuna kama tumbo la samaki aliyekufa, na ndani ya kila chupa, pale palipotakiwa kuwa na utando usioonekana, palikuwa na donge la nyama ya waridi lenye nywele zilizolowa mafuta, na katikati ya nywele ufizi, na kwenye ufizi meno, makubwa, yenye ukoga, yakisagana polepole, na alipoinyanyua chupa ya kwanza meno yaliacha kusagana na donge likageuka kuelekea kiganja chake, kwenye joto lake, likajibandika kwenye plastiki na kuanza kunyonya. Fundi alitapika ndani ya taulo. Yeye akamimina dawa ya kuua vijidudu, chupa baada ya chupa, povu la kijivu likimrukia kwenye glavu, nywele zikijizungusha vidoleni mwake kama za mtoto anayekataa kuwekwa chini, kisha akazitia zote kwenye sufuria kubwa ya mvuke, akafunga kifuniko, na wakasimama pale wakinusa supu ya mwaka wake mzima wa kazi hadi mashine ilipozima.

Mganga alimwosha mtoto, akamwosha na mama, akasoma aliyoyasoma, akarudi kwenye cherehani yake. Jioni ile Kibogoyo alilishika ziwa, akanyonya hadi akasinzia. Hakutapika. Koo lake lilikuwa kimya. Kabla ya mwezi kwisha mashavu yalirudi, na mama mkwe akaanza tena kulalamika kwamba ni mzito kumbeba. Mama Kibogoyo hakurudi chuoni. Mtu alipomuuliza habari za masomo, alimwonyesha mtoto.

Asubuhi moja, anamnyonyesha sebuleni, simu ililia. Alikuwa Profesa, na sauti yake ilikuwa changamfu.

"Binti yangu, fundi amenieleza chupa zako zilioza. Mbona hukuja kwangu? Hakuna cha kulia. Akiba ipo!"

"Akiba gani, Profesa?"

"Ah, umesahau kanuni ya kwanza ya kazi? Hakuna anayekuza seli bila kugandisha nyingine. Mimi mwenyewe nilichukua zako, wakati zimenawiri, nikazitia kwenye mtungi wa baridi. Tena nimewagawia wenzetu wa vyuo vingine. Wamekwisha kuziyeyusha."

Kibogoyo aliacha kunyonya, lakini hakuliachia ziwa.

"Ila wana tatizo," Profesa aliendelea. "Zimeamka, lakini hazili. Damu ya ndama hazitaki kabisa. Wote wanauliza swali moja: wewe ulizilisha nini?"

Mama Kibogoyo alikuwa akiisikiliza sauti nyingine, kavu, ya polepole, si kwenye simu bali hapa, kifuani pake. Krr. Krr. Halafu yakaja maumivu, akapiga kelele, akamvuta mtoto kwa nguvu.

Kibogoyo alimtazama, akatabasamu. Damu ilimchuruzika kidevuni. Ufizi wake ulikuwa laini, mtupu, hauna jino hata moja. Lakini kwenye ziwa la mama yake palikuwa na alama za meno, juu na chini, duara kamili, la kinywa cha mtu mzima.

"Haloo?" Profesa aliita. "Binti yangu? Wanasubiri."