Hewa ya Kuwasha Mara Moja

Injini ilizimika miamba ya kisiwa cha Bumbire ikiwa imeshaonekana, na upepo ulikuwa ukiisukuma mashua huko huko.

Rugaibula, fundi wa injini, alimwaga maji ya ziwa yaliyoingia kwenye dizeli, kisha akautazama mtungi wa hewa. Injini ile haikuwashwa kwa mkono. Hewa iliyoshindiliwa mtungini ilifunguliwa kwa ghafla, ikasukuma pistoni, na injini ikazunguka mpaka dizeli ishike moto. Ikishawaka, yenyewe iliujaza mtungi tena. Sasa mshale wa geji yake ulikuwa chini.

Asubuhi, walipomaliza kupakia kahawa upande wa Muleba, alijipulizia kanzu kwa hewa ile. Ndiyo desturi ya mafundi wa mashua za kahawa, maana vumbi lake halitoki kwa kupangusa, na leo kulikuwa na harusi Bukoba. Akampulizia dada yake Kokubanza gauni, akampulizia nahodha Ndyamukama koti. Walicheka sana.

"Imebaki ya kuwasha mara ngapi?" nahodha aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Moja, waitu," Rugaibula alimjibu kwa heshima ya Kihaya. "Nyingine nimeimaliza mimi kwenye nguo."

Ndyamukama aligeuka kuitazama miamba.

"Maji yamefika magotini," alisema Kokubanza, akichota kwa ndoo maji ya mawimbi yaliyokuwa yakiingia mashuani. "Washa basi."

Mkono wa Rugaibula ulikuwa tayari kwenye valvu ya mtungi. Akauondoa. Pistoni ikiwa imesimama pabaya, hewa ingepotea bure na wote watatu wangeishia kwenye miamba.

"Dada, acha ndoo. Shika mtaimbo, tuzungushe gurudumu la injini mpaka ile alama nyeupe ya pistoni ifike juu."

Walisukuma. Gurudumu lilisogea kidogo, wimbi likawaangusha, wakaanza upya. Kanzu ililowa oili mpaka kifuani. Sasa ngurumo ya mawimbi yakivunjika miambani ilisikika wazi.

"Imefika," alisema Kokubanza.

Akafungua valvu. Hewa ikavuma, gurudumu likazunguka mara moja, mara mbili, likaanza kupunguza mwendo. Mshale ukalala kwenye sifuri. Ndipo injini ikakohoa, ikashika.

Waliipita miamba karibu mno.

Bukoba walifika ibada ya ndoa imeshaanza. Mlangoni mwa kanisa Kokubanza alitoa leso amfute kaka yake kanzu.

"Iache hivyo hivyo," alisema Rugaibula, akaingia.