Kiduara Kwenye Ramani ya Bimdogo

Asubuhi ya Alhamisi moja, mwaka wa tisini na tisa, Jefwa alifika Mji wa Kale akitokea kwake Majengo, akafungua chumba cha chini alichokipanga kwa Bimdogo, na kabla hajaketi akafanya mambo mawili. Baadaye alikuja kukumbuka moja tu, maana mafundi wa siku hizi wana akili nyingi na kumbukumbu haba.

La kwanza, kompyuta aliyochorea ramani za nyumba aliitia draiva mpya, yaani ile programu inayoifundisha mashine kuitumia kadi yake ya picha. Mashine ilitumia Linux, mfumo wa bure ambao kila mwenye ujuzi ana ruhusa ya kuupasua tumbo na kuutengeneza apendavyo. Draiva aliletewa kwenye disketi na rafikiye Oloo wa Makupa, aliyemwapia kwamba michoro sasa itaruka kama umeme.

La pili lilikuwa la chetezo. Nyuma ya kiti chake, chini ya ukuta, palikaa chetezo cha udongo. Kila Alhamisi jioni Bimdogo alishuka, akakitia makaa na ubani, akaufukiza ukuta ule bila kusema neno, kama walivyofanya mamake na nyanyake. Jefwa alikichukua akakipandisha darini.

"Bimdogo, moshi waingia kwenye mashine," alisema. "Utaniharibia."

"Mashine yako ina muda gani humu ndani?"

"Miezi sita."

"Haya. Mgeni ashamtoa mwenyeji." Akashika ngazi akaenda zake.

Hakubishana kwa sababu alimhitaji Jefwa. Ukuta wa mbele ulikuwa na ufa, na wakubwa wa mji walikuwa wameandika barua: ramani ya nyumba nzima iwafikie Ijumaa saa nane mchana, la sivyo nyumba ibomolewe. Bimdogo alizaliwa mle. Pengine pa kwenda hakuwa napo ila kwa mkaza mwanawe, naye alikwisha kusema kwamba kaburini kuna nafasi zaidi.

Ijumaa, ramani ilikuwa imebaki kutolewa kwenye printa tu. Jefwa akaifungua.

Mstari mmoja. Akangoja. Mstari wa pili. Juzi kuta zote arobaini zilitokea kwa kupepesa jicho. Leo zilijikokota kama mgonjwa aendaye msalani.

Hakuogopa kwanza, alikasirika. Alisoma ile faili ambamo mashine huandika kila inalolifanya: kadi imetambuliwa, kosa hakuna. Akapunguza rangi. Vile vile. Akafungua ramani ya nyumba moja ya Kizingo, ikatokea yote mara moja. Akarudi kwa ya Bimdogo. Mstari mmoja. Akangoja.

Akaing'oa draiva ya Oloo, akarudisha ile ya zamani, akazima, akawasha. Ilikuwa saa sita na nusu. Wanaume wote walikuwa wamekwenda msikitini, maduka yamefungwa, kichochoroni hata paka hakupita. Jua limesimama utosini. Hiyo ni saa ambayo wazee hawamwachi mtoto atoke peke yake, na hawasemi kwa nini.

Draiva ni ile ile ya juzi. Mashine ni ile ile. Na bado pole pole.

Hapo ndipo alipotazama vizuri. Mashine haikuwa nzito. Ilikuwa na kazi nyingi kuliko aliyoipa. Ndani ya unene wa ukuta wa nyuma ilikuwa ikichora chumba. Chumba kidogo, hakina mlango. Na ndani yake kiduara, kadiri ya mbegu ya papai.

Jefwa hakuwa amechora chumba pale. Akakifuta.

Ramani ikajichora upya, mstari kwa mstari. Chumba kikarudi. Kitupu. Kiduara kilikuwa upande huu wa ukuta.

Ramani ile ilikuwa ya nyumba nzima, na chumba alichokalia kilikuwamo. Meza aliichora mwenyewe. Kiti pia. Kiduara kilikuwa baina ya ukuta na kiti.

Skrini ikajifuta peke yake. Mstari mmoja. Mwingine. Kimesogea.

Kila fundi hufundishwa hivi: kitu kikiharibika, uliza ni nini kilichobadilika. Draiva ilibadilika, na ameirudisha. Nini kingine?

Jana jioni ukuta ule haukufukizwa.

"Bimdogo," aliita. "Bimdogo. Kile chetezo."

Kandambili zilishuka ngazi, zikasimama mlangoni. Bimdogo hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake.

"Usigeuke," alinong'ona.

Akapanda. Akakawia. Akashuka. Jefwa alisikia makaa yakipulizwa, kisha ubani ukipasuka. Kwenye skrini mstari, mstari, halafu ramani yote ikatokea kwa mpigo. Kuta arobaini. Chumba hakuna. Kiduara hakuna. Akaitoa kwenye printa, akaikagua, safi. Akatoka mbio kwa mlango wa mbele, akauacha wazi.

Saa nane kasoro dakika tano, karani mmoja aitwaye Zilpah aliikunjua karatasi juu ya kaunta.

"Hapa mlangoni umeweka kiduara. Ni nguzo?"

Jefwa akainama. Mbegu ya papai. Juu ya kizingiti cha mlango wa mbele.

"Nguzo," akasema.

Zilpah akakizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni "nguzo", akagonga muhuri. Nyumba ikapona.

Jumamosi Jefwa aliihamishia mashine Majengo. Hakutaka tena kuupa ukuta ule mgongo. Kwa kuijaribu tu, akachora chumba chake cha kulala, kuta nne.

Mstari mmoja. Akangoja.

Alhamisi iliyofuata alirudi kwa Bimdogo kuomba ubani. Ilikuwa jioni, na chumba cha chini hakikunukia kitu. Chetezo kilikuwa kimesuguliwa, kimefungwa kwa gazeti, kimewekwa kando ya mlango.

"Leo hukufukiza, Bimdogo?"

"Nimfukizie nani? Ashahama." Akakisukuma chetezo kwa mguu. "Hicho ni chako, mwanangu. Na leo ukitoka, funga mlango."

Ukutani alikuwa ametundika ile ramani yenye muhuri. Jefwa akaisogelea. Duara la wino mwekundu lilikuwa pale pale kizingitini, na neno la Zilpah pembeni yake. Ndani ya duara palikuwa na karatasi nyeupe tu.